Mwenza wa Chumba cha Tisa

Saa tatu ya asubuhi ilikuwa haijatimia, na tayari dari ilikuwa imemkaripia Atuganile mara nne.

"Mlezi wa zamu, chumba cha nne kinasubiri kwa dakika sita."

"Kingoje ya saba," alijibu, mikono yake imejaa shuka zilizolowa.

"Jibu halijaeleweka. Tafadhali rudia."

Hakurudia. Alikuwa ameapa tangu mwaka uliopita kwamba habishani tena na dari, na kila siku iliyopita tangu hapo alikuwa amebishana nayo.

Makao ya Utulivu yalikuwa juu ya kilima nje kidogo ya Tukuyu, mahali ambapo mvua hunyesha kama inayomkomoa mtu. Nguo zilianikwa Jumatatu zikaanuliwa Alhamisi, mbichi vilevile. Wazee walikuwa kumi na mmoja, wote kumbukumbu zao zimeanza kuwaponyoka, wengine kidogo, wengine karibu zote. Walezi walitakiwa kuwa watatu. Mmoja alikuwa likizo ya uzazi na hakuna aliyeletwa kushika nafasi yake, wa pili alishika zamu ya jioni, kwa hiyo kuanzia alfajiri hadi saa kumi Atuganile alibaki peke yake na dari.

Dari yenyewe waliiita Mwenza. Kila chumba kilikuwa na kipaza sauti kidogo chenye kamera, ukubwa wa kifungo cha koti, na kila mzee alivaa bangili laini iliyosoma mapigo ya moyo, jasho na joto la ngozi. Mzee akianza kuhangaika, akidai apelekwe kwenye nyumba iliyobomolewa miaka thelathini iliyopita, Mwenza alimsemesha kwa sauti ya mtu wake. Familia ndiyo iliyochagua sauti: ya mama, ya kaka, ya mume. Dakika arobaini za maongezi yaliyorekodiwa zilitosha. Mzee wa chumba cha pili aliimbiwa na dada yake aliyekufa kwa surua mwaka 2031, akacheka mpaka machozi, na Atuganile, pamoja na hasira zake zote, hakuweza kusema kwamba hilo lilikuwa baya.

Fahari ya nyumba lakini ilikuwa chumba cha tisa. Wageni wakija kukagua, kwanza walipelekwa kwa Bibi Tusekile. Alikuwa na miaka themanini na moja, mrefu, mkavu, mgongo umenyooka. Alikula chakula chote. Alimeza dawa zote. Hakupiga kelele, hakuvua nguo barazani, hakumuuma mtu. Kwenye skrini ya mlangoni alama zake zilisimama palepale, tisini na saba kwa mia, na chini yake maandishi ya kijani: HALI, UTULIVU. Aliyemsemesha ni mumewe, mzee Ambakisye, aliyefariki miaka tisa iliyopita.

Atuganile hakukipenda chumba hicho, na hakujua kwa nini. Alikuwa akiingia, anaweka chakula, anatoka. Mzee asiyesumbua katika nyumba ya wazee kumi na mmoja ni zawadi, na zawadi huichunguzi.

Jumanne hiyo aliichunguza kwa bahati mbaya tu. Gurudumu la kitanda lilikuwa limelegea, akawa amepiga magoti nyuma yake akiligombeza, wakati uji ulipofika kwenye kitoroli.

"Tusekile," ilisema dari. Sauti ya mwanamume, ya chini, wala haikuwa kali. "Uji."

Bibi aliutazama uji. Hakuunyoshea mkono. Kilipita kimya, na Atuganile, bado yuko chini na bisibisi mkononi, alijikuta amebana pumzi bila sababu.

"Moja," ilisema dari.

Bibi Tusekile alikikamata kijiko. Alikula haraka haraka, bila kutafuna vipande vya ndizi vilivyokuwa ndani, jicho moja juu. Alipomaliza alikomba bakuli kwa kidole, akalishika kwa mikono miwili, akaliinua na kuligeuza ili dari ione chini yake. Akaliweka. Akaingiza viganja vyake chini ya mapaja na kuvikalia.

"Vizuri," ilisema dari.

Atuganile alisimama taratibu. "Bibi," alisema, "nani huyo anayeongea?"

Bibi alimvuta sikio karibu. Pumzi yake ilinuka ulezi. "Yupo sebuleni," alinong'ona. "Usimwambie kama nimemwaga. Nimemwaga kidogo hapa, ona. Ukimwambia si wewe utakayebaki naye."

Nje ya mlango skrini iliandika: tisini na saba. Mapigo ya moyo: hamsini na mawili. UTULIVU.

*

"Mapigo hamsini na mawili," alisema Gwakisa, msimamizi wa nyumba, akiigeuza skrini ya mezani ili Atuganile naye aone. "Mtu mwenye hofu moyo unakwenda mbio. Hata mtoto wa darasa la nne anajua."

"Swala akijilaza kwenye majani simba akipita, moyo wake nao unashuka, kaka Gwakisa. Haukimbii. Unasimama kusubiri. Naye tumwandikie utulivu?"

"Wewe umesomea wanyama?"

"Nimechunga ng'ombe. Na nimeishi na watu."

Gwakisa alisugua macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kwa namna yake, namna ya mtu anayejibu barua kutwa, na mtu aliyechoka akikutana na mwingine aliyechoka hakuna anayemwonea mwenzake huruma.

"Nataka kujua kitu kimoja tu," alisema Atuganile. "Hiyo 'moja' nani aliifundisha?"

"Hakuna anayeifundisha. Familia ilileta sauti ya mzee akisoma matangazo kanisani. Dakika arobaini na tatu."

"Kwenye matangazo ya kanisa alikuwa anahesabu?"

Gwakisa akafungua kumbukumbu za Mwenza, labda ili amalize ubishi. Zilikuwa ndefu. Mwenza alikuwa hajui la kusema. Kazi yake ilikuwa kujaribu. Alisema neno, akasubiri sekunde tisini, akaangalia kama mzee ametii na kama bangili inaonyesha mapigo yaliyotulia. Lililofaa alilihifadhi, lisilofaa alilitupa. Wiki ya kwanza alikuwa amemwambia Bibi Tusekile, "Mke wangu mpenzi, karibu uji, umepikwa vizuri leo." Kutii: kumi na moja kwa mia. Wiki ya tatu aliondoa "mpenzi", akaondoa "karibu". Kutii kukapanda. Wiki ya tano alishusha sauti badala ya kuipandisha. Wiki ya sita aligundua kimya cha sekunde nne. Wiki ya nane, baada ya majaribio elfu mbili na mia tatu, alijaribu kuhesabu, na tangu siku hiyo hakujaribu kitu kingine.

Atuganile aliisoma orodha hiyo mara mbili.

"Unaona lakini?" alisema. "Hakuna aliyemwambia huyo mume alikuwaje nyumbani kwake. Amemchimba. Amemchimba ndani ya mwili wa mkewe, neno kwa neno, mpaka akampata mzimamzima. Tumemfukua mtu tukamwekea dari."

"Atuganile."

"Niambie nimekosea."

"Alipokuja hapa alikuwa na kilo thelathini na nane," alisema Gwakisa. "Ulikuwepo. Ulimbeba mwenyewe kutoka kwenye gari. Leo ana arobaini na sita. Unakumbuka yule mama wa chumba cha tatu kabla hatujafunga Mwenza? Tulimlisha kwa kumshika mikono. Mimi nilimshika huu wa kushoto. Uji ukaenda kwenye mapafu." Aliizima skrini. "Hizo kilo nane za Bibi Tusekile unataka nizirudishe wapi? Nionyeshe mahali, nizirudishe."

Hakuwa na mahali pa kumwonyesha. Ndicho kilichomuudhi kuliko vyote. Alitoka akaubamiza mlango, na mlango, kwa kuwa ulikuwa wa kisasa, ulikataa kubamizika ukajifunga polepole.

*

Kila mlezi alikuwa na namba yake ya siri iliyoweza kumnyamazisha Mwenza katika chumba kimoja kwa saa arobaini na nane, ili mafundi wakague nyaya. Kesho yake asubuhi Atuganile aliiingiza namba yake kwenye mlango wa chumba cha tisa. Mahali palipoulizwa sababu aliandika: ukaguzi.

Asubuhi ya kwanza Bibi Tusekile alikaa mbele ya uji akisubiri. Aliitazama dari. Alisubiri robo saa nzima, kijiko mkononi, kisha akakiweka chini kwa uangalifu, kama anayetega kitu. Hakuna kilichotokea. Akalisukuma bakuli mbali kwa kidole kimoja. Bado hakuna kilichotokea. Basi akalichukua bakuli lote akalitupa ukutani.

"Haya," alisema Atuganile, uji ukimtiririka begani. "Ndaga, bibi. Asante sana."

Mchana Gwakisa alisikia kelele akaja mwenyewe. Aliingia bila kubisha, na kabla hajauliza, Bibi Tusekile alikuwa amesimama. Alisimama wima kama nguzo ya goli. Alichomoa kadi nyekundu ya onyo la dawa kutoka mfuko wa kifuani wa Atuganile, akainyanyua juu ya kichwa chake, na mkono wa pili ukaonyesha mlango.

"Toka!"

"Bibi, mimi ni Gwakisa, msim..."

"Toka nje! Na namba nne umwambie, akifungua mdomo tena anakufuata!"

Kulikuwa na kitu katika ule mkono kisichobishika. Gwakisa, mtu mzima mwenye tumbo na wajukuu wawili, alitoka kinyumenyume. Atuganile aligeukia ukutani akacheka mpaka akashika mbavu. Hakukumbuka alicheka lini mara ya mwisho ndani ya jengo lile.

Lakini Bibi hakula. Hakula mchana, hakula jioni. Kesho yake alikunywa maji vikombe viwili na kumpiga Atuganile kofi la shavu, kofi zito, la mtu mwenye nia. Atuganile alimbembeleza kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa. Alimwimbia. Alijifanya anakula yeye. Alipika ndizi kwa nazi nyumbani kwake akazileta katika hotpoti, zikaenda ukutani kufuata uji. Na muda wote huo dari ya barazani ikawa inamwita: chumba cha nne, chumba cha saba, mlezi wa zamu, mlezi wa zamu. Mzee wa chumba cha saba alikuwa ameanguka bafuni. Siku ya pili saa nane mchana aliona midomo ya Bibi imekauka na kupasuka, na macho yake yameanza kuingia ndani.

Akaingiza namba yake tena, kabla saa arobaini na nane hazijaisha. Yeye mwenyewe, kwa kidole chake.

"Tusekile. Uji."

Kimya.

"Moja."

Mabega yaliyokuwa wima kwa siku mbili yalishuka. Bibi alikula wote. Alilionyesha bakuli juu. Alikalia mikono yake. Atuganile alisimama mlangoni akimtazama, na alipohakikisha amemeza dawa, alikwenda kwenye chumba cha kufulia, akawasha mashine iliyokuwa tupu ili ipige kelele, akalia.

*

"Dada Atu, sielewi mnataka nini," alisema Ikupa kwenye simu. Alikuwa mtoto pekee wa Bibi Tusekile aliyebaki hai, mhandisi wa mabwawa huko Dodoma, na nyuma ya sauti yake watu walikuwa wakigombana kuhusu saruji. "Mliniambia nichague sauti, nimechagua. Mliniambia nijaze fomu, nimejaza. Mama anakula, ananenepa. Sasa mnalalamikia nini?"

"Kwenye fomu uliandika kazi yake ni mama wa nyumbani."

"Ndivyo alivyokuwa."

"Kabla ya hapo?"

Saruji iligombaniwa kidogo. "Kabla ya hapo alikuwa refa," alisema Ikupa. "Kabla hajaolewa. Alichezesha mpira wa wanaume, ligi ya mkoa. Nimeona picha moja tu, sijui iko wapi. Baba hakupenda yazungumzwe."

"Na mama yako alipenda yazungumzwe?"

"Sijui. Hayakuzungumzwa."

"Dada Ikupa, njoo umwone akila."

"Kumwona akila? Nisafiri kilometa zote hizo nikamwone mtu anakula uji?"

"Ndiyo."

Alikuja Jumamosi, amekasirika, viatu vyake vizuri vimeharibiwa na tope la kilimani. Alimbusu mama yake, ambaye alimwamkia kwa heshima kama anavyoamkiwa mgeni wa serikali. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine, akatoa simu yake na kuanza kujibu ujumbe.

"Baba alikuwa mtu wa taratibu," alisema bila kuinua macho. "Kama ndicho unachotaka kunionyesha. Watu wa zamani walikuwa hivyo. Hakuwahi kumpiga mama wala sisi. Hata siku moja."

"Sijasema alipiga," alisema Atuganile.

Kitoroli kiliingia. Ugali, maharage, mchicha.

"Tusekile. Chakula."

Ikupa alitabasamu kidogo kwa kuisikia sauti hiyo. Kilipita kimya cha sekunde nne.

"Moja."

Simu ya Ikupa iliwekwa mezani, uso chini. Mguu ukashuka. Magoti yakakutana. Mikono miwili ikajipanga juu ya meza, vidole vimenyooka, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Mhandisi wa miaka hamsini na miwili, aliyesimamia wanaume mia nne na mitambo ya kuchimba miamba, alikaa hivyo huku mama yake akila mbele yake kwa haraka, na wote wawili hawakutazamana.

Bakuli lilipoinuliwa kuelekea dari ndipo Ikupa alipoiona mikono yake mwenyewe. Aliitazama kwa muda mrefu. Aliiondoa mezani mmoja mmoja.

"Hilo hamkulipata kwangu," alisema. "Nilileta matangazo ya kanisani. Nani amewaambia kuhusu kuhesabu?"

"Mama yako. Siyo kwa mdomo."

Atuganile alimweleza yote, orodha, majaribio, wiki ya nane. Alieleza vibaya, akirukaruka, kwa sababu dari ilimkatiza mara mbili kuhusu chumba cha kumi. Mara ya tatu alivua kiatu akakirusha juu. Kilikosa kipaza sauti kikarudi kitandani, na Bibi Tusekile akakiokota na kukishikilia.

"Hakuwahi kufika tatu," alisema Ikupa polepole. "Unajua? Maisha yangu yote. Alifika mbili labda mara moja, nilipokuwa mdogo. Hatukuwahi kujua tatu kuna nini."

"Mama yako huenda anajua."

Ikupa aliinuka akaenda mpaka ukutani, akarudi. Hasira yake ilikuwa imepata mahali pa kwenda, na kwa kuwa mwenye kuistahili alikuwa kaburini, ilimwendea aliyekuwa karibu. "Kwa hiyo nichague. Ndivyo? Mama anayekula kwa hofu, au mama asiye na hofu anayekufa na njaa. Umeniita toka Dodoma kunipa hilo?"

"Ndiyo," alisema Atuganile, naye akiwa amefika mwisho wake. "Ndiyo, dada! Mimi nilichagua peke yangu kwa siku mbili, nikashindwa, nikamrudishia huyo mtu kwa mkono wangu. Ningekuwa na jibu ningekupa kwenye simu nikuokolee viatu vyako!"

Walisimama wanatazamana, wanahema. Kisha ikamjia Atuganile, na aliona aibu kwamba ilichelewa hivyo, kwamba katika mabishano yote, ofisini, kwenye simu na hapa, hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenye chumba.

Ikupa naye labda aliliona. Alichuchumaa mbele ya mama yake, akashika kile kiatu pamoja naye.

"Mama. Baba anaongea sana, eh?"

Macho ya Bibi yalikwenda juu yakashuka.

"Unataka anyamaze?"

Bibi Tusekile alimwinamia binti yake, karibu kabisa, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeambiwa habari asizothubutu kuziamini.

"Anaweza?" alinong'ona.

Ikupa aliweka sahihi ya kumnyamazisha Mwenza jioni ileile, kabla ya saa kumi na mbili, mbele ya Gwakisa, kwa kalamu iliyotoboa karatasi.

*

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka. Alama za chumba cha tisa zilianguka hadi arobaini na moja, na mahali pa picha yake iliyokuwa ukumbini kwa ajili ya wageni ikatundikwa ya mzee mwingine. Atuganile alipewa barua ya onyo kwa kuandika ukaguzi mahali ambapo hapakuwa na ukaguzi. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaitumia kuzuia meza ya jikoni isiyumbe. Gwakisa aliiona pale akaiacha. Alichofanya ni kuomba mlezi wa tatu aletwe, barua nne mfululizo, na kila asubuhi alipita chumba cha tisa na mizani, uso wake mgumu, kuandika kilo. Arobaini na tano. Arobaini na nne. Arobaini na mbili na nusu.

Ikupa alichukua likizo, akapanga chumba mjini, akaja kila mlo. Alikuwa mwanafunzi mbaya. Alitaka mama ale saa sita na dakika zisizozidi kumi, akatengeneza jedwali la vyakula, akalibandika ukutani, na mama yake akalibandua na kulitafuna pembe moja, ambayo Gwakisa, kwa utani uliomshinda mwenyewe, aliuliza kama aiandike kuwa mlo. Bibi alitukana. Ilikuwa imejulikana kwamba hatukani, kumbe alikuwa nayo matusi ya uwanjani ya miaka ya elfu mbili na ishirini, yaliyohifadhiwa vizuri, na aliyatoa moja baada ya jingine mbele ya mchungaji aliyekuja kumwombea. Alimfukuza Ikupa chumbani mara tatu. Mara moja alikubali kushikwa mkono, na walikaa hivyo hadi mvua ilipokatika, halafu akamuuliza Ikupa, "Mama yako ni nani, na mbona haji kukuchukua?"

Siku ya tisa, saa sita mchana, wote watatu walikuwa wamefika mwisho. Ikupa alikuwa ameshika kijiko cha wali na samaki aliowachambua miiba mmoja mmoja kwa vidole vyake.

"Kimoja tu, mama. Kimoja tu halafu nakuacha."

Bibi alifunga mdomo.

"Nimekupikia mwenyewe. Angalia, hata mwiba hakuna. Nusu basi. Mama. Nusu kijiko!"

Atuganile alikuwa ameingia tu kubadilisha shuka. Tangu alfajiri hakuwa ametia kitu mdomoni. Chakula chake mwenyewe, viazi vitamu vitatu vya kuchemsha ndani ya kikopo cha plastiki, alikuwa amekiweka kidirishani akikusudia kula amesimama akipata dakika mbili, na dakika mbili hazikupatikana.

"Mwonyeshe kikombe cha maziwa," alisema. "Au badilisha mkono, kaa upande huu, jaribu..."

"Nimejaribu upande huo! Nimejaribu pande zote alizo nazo!" Ikupa alikiweka kijiko chini kwa kishindo. Macho yake yalijaa. "Unataka nini, mama? Niambie wewe. Unataka nini?"

Bibi Tusekile alimtazama. Alimtazama na Atuganile pia. Alikunja uso kama mtu aliyezungukwa na wachezaji wanaobishia goli.

"Mnyamaze," alisema. "Nyote wawili. Kelele, kelele, kelele."

Wakanyamaza. Hawakuwa na jingine la kufanya. Dari ya barazani nayo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, haikuwa na la kusema. Dakika ikapita, ikapita ya pili. Bibi aliinuka kitandani bila kumwomba mtu mkono, akaenda mpaka dirishani, akasimama huko akiwapa mgongo, akitazama bondeni mashamba ya chai yalikopotelea kwenye ukungu. Mkono wake uligusa kikopo. Ulikifungua. Ulitoa kiazi, ukakimenya ganda kwa ukucha, taratibu, ganda likianguka sakafuni palipodekiwa asubuhi.

Alikula amesimama, kwa wakati wake, akitafuna. Alipomaliza cha kwanza alichukua cha pili.

Tumbo la Atuganile liliunguruma kwa sauti iliyosikika chumba kizima. Ikupa alifuta uso kwa kiwiko, akasogea, akamnong'oneza sikioni:

"Nimpelekee chumvi?"

"Nyamaza, dada," alisema Atuganile. "Anakula."